Kwa nini Virginia haikufanana na Massachusetts

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia sekondari. Wanafunzi wangu wanauliza kwa nini makoloni ya Waingereza katika Amerika ya Kaskazini, yote yakiwa chini ya mfalme mmoja, yalitofautiana kiasi kile: kusini mashamba makubwa na watumwa, kaskazini miji, shule na meli. Nimekuwa nikiwajibu kwamba ni hali ya hewa na dini. Je, jibu hilo linatosha?

Jibu: Mwalimu, jibu lako lina ukweli ndani yake, ila lina matundu mawili ambayo mwanafunzi mdadisi atayaona. Tundu la kwanza ni hali ya hewa. Husemwa kwamba kusini kulikuwa na joto, Waingereza wakashindwa kulivumilia, ndipo wakaletwa Waafrika. Lakini tumbaku ya Virginia na Maryland ililimwa zaidi na Waingereza wenyewe kwa miaka ipatayo sabini, jembe mkononi, kwenye jua hilohilo. Tundu la pili ni dini. Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali walioijenga Massachusetts, walikuwa na wenzao wa imani moja waliofungua koloni mwaka 1630 katika kisiwa cha Providence, mbele ya pwani ya Nikaragua. Wahispania walipokiteka mwaka 1641, Waafrika waliokuwa utumwani pale walikuwa wameshalingana na Waingereza kwa idadi. Imani ilikuwa ileile, na haikuzuia kitu.

Ningekushauri uanze na kalenda ya kazi. Kwa kila eneo waulize wanafunzi: zao hili linataka mikono mingapi, kwa miezi mingapi ya mwaka? Likishavunwa linahitaji nini kabla ya kupakiwa melini? Na ni nani aliyeweza kulazimishwa kuifanya kazi hiyo? Ukiyafuata maswali haya, mengi yanayoonekana kama tabia za watu yatajieleza.

Tuanze na tumbaku, kwa sababu ndiko kosa kubwa hufanyika. Jamestown ilianzishwa mwaka 1607 na kampuni ya wanahisa wa London waliotaka faida ya haraka. Dhahabu haikupatikana, na njaa ya majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 iliacha hai watu wapatao 60 tu kati ya mamia. Tumbaku ya wenyeji ilikuwa kali mno kwa wavutaji wa Uingereza. Mwaka 1612 John Rolfe akajaribu mbegu ya aina iliyolimwa katika makoloni ya Wahispania, na soko likaipokea. Hapo mwanzo ratili moja iliweza kuuzwa kwa karibu shilingi 3. Kila mtu akapanda, hata barabarani, na kuelekea 1630 bei ikawa imeporomoka hadi karibu peni moja. Kuanzia hapo mkulima hakuwa na njia ya kupata zaidi ila kulima zaidi, na kulima zaidi kulihitaji watu.

Mwaka wa tumbaku haukuwa na mapumziko. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo haipandwi shambani moja kwa moja. Kati ya Januari na Machi walichoma matawi juu ya kitalu ili kuua mbegu za magugu, wakachanganya mbegu na majivu au mchanga ili zisianguke mahali pamoja, wakafunika kwa matawi kuikinga miche na baridi ya usiku. Mei na Juni ilikuwa kazi ya kuhamisha miche, na siku ya kuhamisha iliamuliwa na mvua. Udongo ukishalowa, kila mwenye mikono alitoka: mmoja anang'oa miche kitaluni, mwingine anaiangusha juu ya vituta vilivyoinuliwa kwa jembe, karibu futi 4 kutoka kimoja hadi kingine, mwingine anatoboa kwa kidole na kushindilia. Mvua ikichelewa, miche hurefuka kitaluni ikadhoofika, na msimu mzima ukawa mashakani.

Baada ya hapo ni palizi, tena na tena. Mmea ukitaka kutoa ua, kilele kinakatwa ili nguvu ibaki kwenye majani machache yaliyochaguliwa. Mmea unajibu kwa kuchipua maotea kwapani mwa kila jani, nayo lazima yaondolewe kila wiki. Viwavi vinatolewa kwa mkono, jani kwa jani, juu na chini. Agosti na Septemba mmea unakatwa mzima, unatundikwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, wiki nne hadi sita. Kisha inangojwa siku ya unyevu ndipo majani yabanduliwe: jani kavu mno linavunjika vipande, jani bichi mno linaoza ndani ya pipa njiani kwenda London. Mwisho yanashindiliwa kwenye mapipa makubwa, ambayo kufikia katikati ya karne ya 18 yalibeba takriban ratili 1,000 kila moja. Likifungwa pipa la mwisho, kitalu kipya kinasubiri. Wanafunzi wako wa Urambo au Songea, kama unao, hawatahitaji kuelezwa mengi hapa.

Mtu mmoja aliweza kuhudumia ekari mbili hadi tatu tu. Udongo ulichoka baada ya miaka mitatu au minne, ukaachwa upumzike karibu miaka 20. Kwa hiyo kila jozi ya mikono ilidai ardhi nyingi kuliko ile iliyokuwa ikilimwa mwaka huo. Kampuni iliweka kanuni mwaka 1618: anayelipa nauli ya mtu kuja Virginia anapewa ekari 50. Aliyeleta watu wengi akapata ardhi nyingi, na mwenye ardhi nyingi akawa na uwezo wa kuleta wengine. Ardhi yenyewe haikuwa tupu. Ilikuwa ya mataifa ya wenyeji yaliyounganishwa chini ya mtemi Powhatan, na mashambulizi yao ya 1622, yaliyoua Waingereza 347, yalitokana na mashamba kuzidi kuwasogelea mwaka hadi mwaka.

Zingatia pia jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, la miji kukosekana. Tumbaku haihitaji kinu, tanuri wala ghala kubwa la mjini. Inakauka na kufungwa palepale shambani. Mito ya James, York, Rappahannock na Potomac ina kina cha kutosha meli kupanda hadi karibu na shamba. Nahodha alichukua mapipa gatini kwa mwenye shamba na kumshushia viatu, misumari na vitambaa kutoka Uingereza. Mji ungefanya kazi gani hapo? Nyumba zikatawanyika, kanisa likawa mbali, na shule ya kijiji ikakosa kijiji. Tumbaku ikawa hata fedha: kodi zililipwa kwa tumbaku, na kwa sheria ya Virginia ya 1696 mchungaji wa kanisa rasmi alilipwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Matokeo unaweza kuyakisia: watu walilipa kodi kwa takataka na kubakiza jani zuri kwa kuuza. Ndiyo maana mwaka 1730 Virginia iliweka maghala ya ukaguzi, ambako kila pipa lilifunguliwa, tumbaku mbovu ikachomwa moto, na mwenye pipa akapewa hati iliyopita mikononi mwa watu kama noti.

Sasa, mikono hiyo ilikuwa ya nani? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 17 ilikuwa ya watumishi wa mkataba: vijana maskini wa Kiingereza, wanaume wengi kuliko wanawake, ambao hawakuwa na nauli ya karibu pauni 6. Walitia saini kutumika kwa kawaida miaka minne hadi saba, na mkataba wao uliweza kuuzwa kwa bwana mwingine. Takriban robo tatu ya waliohamia eneo la Chesapeake, yaani Virginia na Maryland, karne hiyo walikuja hivyo, na wengi walikufa kwa malaria na kuhara damu kabla ya mkataba kwisha. Waafrika walikuwapo pia tangu Agosti 1619, walipofikishwa Point Comfort, Virginia, watu ishirini na kitu walioporwa kutoka meli ya Wareno iliyokuwa ikitoka Angola, lakini kwa miongo kadhaa walibaki wachache.

Mabadiliko ya kutoka watumishi kwenda watumwa yalikuja kati ya takriban 1680 na 1720, na hapa usimruhusu mwanafunzi atoe sababu moja. Uingereza idadi ya vijana ilipungua na ujira ukapanda, kwa hiyo waliotaka kuhama wakapungua. Na walioendelea kuhama walianza kuwa na pengine pa kwenda, hasa Pennsylvania. Vifo vya mapema Chesapeake vilipungua. Hili ni la kikatili lakini ni hesabu waliyoifanya: mtumwa aligharimu zaidi ya mtumishi, na maadamu wageni walikufa ndani ya miaka michache bei hiyo haikulipa, walipoanza kuishi, ikalipa. Mwaka 1698 Bunge la Uingereza lilivunja ukiritimba wa Royal African Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya watumwa kutoka Afrika, na meli za wafanyabiashara wengine zikamiminika. Kabla ya hapo, mwaka 1676, Nathaniel Bacon aliongoza uasi uliochoma Jamestown, na miongoni mwa waliobeba silaha walikuwamo watumishi na watumwa bega kwa bega. Wanahistoria wanabishana uasi huo ulikuwa na uzito gani. Kwa maoni yangu uliongeza hofu tu kwa matajiri ambao tayari soko lilikuwa linawasukuma huko.

Sheria ndiyo iliyofunga mlango. Mwaka 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto afuate hali ya mama yake, kinyume na desturi ya Kiingereza ya kufuata baba. Maana yake hata mtoto aliyezaliwa na bwana mwenyewe akawa mali. Mwaka 1667 ikaamuliwa kwamba ubatizo haumfanyi mtumwa awe huru. Mwaka 1705 sheria hizi na nyingine zikakusanywa pamoja. Kufikia 1750 zaidi ya watu 4 katika kila 10 wa Virginia walikuwa Weusi, karibu wote watumwa. Na kwa sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi: kati ya 1719 na 1721 meli kadhaa ziliteremsha Virginia mateka zaidi ya elfu moja kutoka Madagaska.

Ukienda Carolina ya Kusini, utumwa uliingia kwa mlango mwingine kabisa. Charles Town ilianzishwa mwaka 1670, na wengi wa wakubwa wake wa kwanza walitoka Barbados, kisiwa ambacho tangu miaka ya 1640 kiliishi kwa miwa na watumwa. Hawakuujifunza utumwa Carolina. Walikuja nao, pamoja na sheria zake. Kabla hawajapata zao la kuuza walichunga ng'ombe, walinunua ngozi za paa, walichemsha lami ya misonobari kwa ajili ya meli, na waliuza mateka wa Kihindi Wekundu, makumi ya maelfu, wengi wakipelekwa visiwani. Biashara hiyo ndiyo iliyowarudia katika vita vya Yamasee vilivyoanza 1715.

Mpunga ulishika miaka ya 1690. Kufikia 1708 hivi Waafrika walikuwa wengi kuliko Wazungu, jambo ambalo halikutokea katika koloni lingine lolote la Waingereza katika bara hilo. Mauzo ya nje yalipanda kutoka ratili milioni moja na nusu hivi mwaka 1710 hadi zaidi ya milioni 40 mwaka 1740. Waingereza hawakuwa wakulima wa mpunga. Waliotoka Senegambia na pwani ya Sierra Leone walikuwa. Kiasi gani cha ujuzi kilitoka kwao ni mjadala mkali, kwa sababu mateka wengi wa Carolina walitoka Angola na Kongo kusikolimwa mpunga namna hiyo. Lakini vyombo vya kazi vinasema kitu: kinu cha gogo lililotobolewa, mchi wa mikono miwili, na ungo mpana wa nyasi zilizozungushwa na kushonwa.

Kazi ya kinu ndiyo iliyoua watu. Mpunga ulipandwa Aprili na Mei katika mabonde ya kinamasi yaliyozibwa kwa matuta, ukapaliliwa mara tatu au nne watu wakisimama kwenye maji na mbu, ukavunwa kwa mundu kuanzia mwisho wa Agosti. Baada ya kupura ukaja ukoboaji, majira yote ya baridi, kabla ya mapambazuko na baada ya giza. Kila anayejua kutwanga anajua shida: ukipiga kwa nguvu zote punje inakatika, ukipiga kwa woga ganda halitoki. Kwa mnunuzi wa Ulaya mchele mzima ulikuwa na bei na chenga hazikuwa nayo. Chenga zilibaki, zikaliwa na waliotwanga. Vinu vya kuendeshwa kwa ng'ombe na baadaye maji vilipunguza mzigo huu, lakini pole pole.

Hapa kuna tofauti nyingine ya kuwaonyesha wanafunzi. Kwenye tumbaku watu walifanya kazi kwa makundi chini ya msimamizi kuanzia alfajiri hadi jioni, kwa sababu kila jani lilihitaji jicho. Kwenye mpunga ulienea mtindo wa ngwe: mtu alipimiwa sehemu yake, mara nyingi robo ekari ya palizi kwa siku, na akimaliza muda uliobaki ni wake, wa kulima bustani au kufuga kuku wa kuuza. Si ukarimu. Mabwana walikimbilia Charles Town wakati wa malaria, na ngwe ni rahisi kukagua hata ukifika mara moja kwa siku. Watu wengi wa asili moja, wakikaa pamoja mbali na mabwana, ndiyo sababu lugha ya Kigullah, mchanganyiko wa Kiingereza na lugha za Kiafrika, imedumu pwani ile. Pia ndiyo sababu ya hofu ya Wazungu: tarehe 9 Septemba 1739 watumwa walivunja duka la silaha karibu na mto Stono wakaanza kuelekea Florida ya Wahispania, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyowabana kuliko zote zilizotangulia.

Kaskazini nitakwenda haraka, kwa kuwa wanafunzi wengi wanaifahamu sehemu hiyo. Waliohamia New England, yaani Massachusetts na majirani zake, miaka ya 1630, wapatao 20,000 kwa makadirio ya juu, walikuja kama familia na kwa nauli zao. Udongo ulikuwa na mawe na msimu mfupi. Shamba lilitosha kulisha nyumba, na wana wakubwa ndio walikuwa vibarua. Watu waliishi miaka mingi na kukaa kwa vijiji, ndiyo maana sheria ya Massachusetts ya 1647 iliweza kudai mji wenye nyumba 50 uwe na mwalimu wa kusoma na kuandika. Dini ilitaka watu wasome Biblia, sawa, lakini sheria kama hiyo ingekuwa maneno matupu Virginia, ambako nyumba 50 zingetawanyika mtoni maili nyingi.

Sehemu inayosahaulika ni kwamba kaskazini nako kuliishi kwa utumwa, ila wa mahali pengine. Mwaka 1647 Richard Vines alimwandikia John Winthrop, kiongozi wa Massachusetts, kutoka Barbados kwamba watu wa kisiwa walikuwa wamezama katika miwa kiasi cha kupendelea kununua chakula kwa bei ghali kuliko kukilima. Boston iliusikia ujumbe. Samaki aina ya chewa alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani kwenye vichanja. Aliyekauka vizuri alipelekwa Hispania na Ureno. Aliyevunjika, aliyeungua na jua au kuzidiwa chumvi alipelekwa Karibi kulisha watumwa. Meli zilirudi na molasi ya kutengenezea ramu. Mbao, farasi na mapipa vilifuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukichora ubaoni ile pembetatu ya biashara kati ya New England, Afrika na Karibi, waambie kwamba meli nyingi za New England hazikufika Afrika kabisa; zilikwenda Karibi na kurudi. Na usiwaache wadhani hapakuwa na watumwa: sheria ya Massachusetts ya 1641 iliuruhusu utumwa waziwazi, na katika jiji la New York karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa mtumwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Pennsylvania, iliyopewa William Penn mwaka 1681, inafaa kulinganishwa na Virginia kwa sababu ya ngano. Ngano inadai watu wengi kwa wiki chache za mavuno, kisha karibu haihitaji mtu. Kumlisha mtu mwaka mzima kwa ajili ya wiki hizo ni hasara. Kibarua wa msimu ni nafuu. Halafu ngano ni nzito, inahitaji magari, kinu, mwokaji wa mikate ya meli, mtengeneza mapipa, ghala. Hao wote ni mji, na Philadelphia ikakua. Sehemu za Maryland na Virginia zilipogeukia ngano katikati ya karne ya 18, Baltimore, iliyokuwa kijiji, ikaanza kukua, ingawa hali ya hewa ilikuwa ileile na dini ileile. Utumwa haukuondoka, angalia hilo: ukishakuwa mali ya kurithisha, haufi kwa sababu zao limebadilika.

Kwa zoezi la darasani ningechagua Georgia. Wadhamini wake walianza makazi mwaka 1733 wakitaka wakulima wadogo wa Kiingereza na ngome dhidi ya Wahispania. Waliweka ukomo wa ekari 500 kwa mwenye kujilipia nauli, na mwaka 1735 wakapiga marufuku watumwa. Ng'ambo ya mto Savannah ilikuwa Carolina ya Kusini, yenye mabonde yaleyale na joto lilelile. Walowezi wengi walilalamika miaka yote hiyo kwamba hawawezi kushindana na jirani anayelima mpunga kwa watumwa. Waskoti wa Darien na Wajerumani wa Ebenezer, makazi mawili ya Georgia, waliandika mwaka 1739 kupinga ombi la kuruhusu watumwa. Marufuku iliondolewa kuanzia 1751, na kufikia 1775 karibu nusu ya watu wa Georgia walikuwa watumwa. Wape wanafunzi tarehe hizo bila maelezo, kisha waulize ni nini kilichobadilika mwaka 1751 na ni nini hakikubadilika.